Mama Bendera Aliogopa Kishindo

Alikuwa mwoga kuliko watu wote niliopata kuwajua Kampala, na ndiye niliyemwachia maisha ya mama mkwe wangu kila asubuhi. Nasema hili mapema ili msomaji asije akakaa akisubiri shujaa. Mwenyewe neno hilo hakulipenda. Ukimwambia ana moyo mkuu kusimama mbele ya treni na kitambaa chekundu, alikutazama kama aliyetukanwa, kisha akakuonyesha mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Ilitetemeka kila treni ilipokaribia, na haikuzoea hata baada ya miaka.

Sote wa kivuko cha reli kule bondeni Katwe tulimwita Mama Bendera, na hata wakubwa wa kampuni walimwita hivyo. Alizaliwa wapi na kwa nani, sitajifanya najua. Alitoka kaskazini, na marehemu mumewe alikuwa askari wa jeshi la zamani, lile lililoshindwa vita. Kazi yake ilikuwa kusimamisha watu, boda boda na mikokoteni treni ikikaribia, na kusimamisha treni yenyewe kama kuna hatari. Alikuwa na bendera mbili, kijani na nyekundu, filimbi, na koti la kung'aa lenye jina la kampuni mgongoni.

Hilo koti lilibadilika mara kwa mara, maana kampuni zenyewe zilikuwa zinabadilika. Zamani reli ile ilikuwa ya serikali na ilikuwa imelala. Treni ya mizigo ilijikokota mara chache kwa juma, na watu wakaizoea wakajenga soko kando yake, wengine wakaanika mihogo juu ya mataruma, zile mbao zinazolala chini ya reli. Halafu serikali ikawapa watu binafsi. Ikaja kampuni moja iliyoleta treni za abiria za asubuhi na jioni, na kampuni nyingine iliyolipwa kutengeneza njia. Sisi tuliwaita wenye treni na wenye reli. Wenye treni walitaka mwendo. Wenye reli walitaka muda wa kung'oa mataruma yaliyooza. Mama Bendera alikuwa katikati, na kila upande ulisema yeye ni wa upande ule mwingine. Akiomba buti za mvua, alizungushwa kutoka ofisi hii hadi ile mpaka mvua zikaisha.

"Mimi sijui mimi ni ya nani," aliniambia siku moja akinywa chai kwangu. "Lakini gari ikiua mutu, hapo ndiyo watakumbuka mimi ni ya nani."

Kibanda cha chai kilikuwa changu. Mimi ni mtu wa Bungoma. Nilikuja Kampala kufanya biashara ya vitenge, nikaolewa na fundi chuma wa Katwe, nikabaki. Mama yake mume wangu aliuza mkaa mkabala na kibanda changu, na magunia yake yalikaa karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vumbi jeusi liliinuka likatua kwenye maandazi yangu. Tulimsihi ahame. Alisema hapo ndipo wateja wanapomjua. Kwa hiyo nilikaa nikikaanga maandazi jicho moja likiwa kwenye mafuta, jingine kwa yule mzee, na moyo wangu haukutulia mpaka treni ya asubuhi ipite.

Mama mkwe alimwogopa Mama Bendera kuliko alivyoiogopa treni. Ilinichukua muda kuelewa sababu. Alikuwa mtu wa Luweero, na vita vya msituni vilimkuta huko. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizini barabarani, lugha ya askari wa kaskazini mwenye bunduki anayeuliza kitambulisho. Hata mimi nilipoletwa kwake kama mchumba, nikasalimia "shikamoo mama" kwa adabu zote za kwetu, alishika ukuta. Mume wangu alicheka, mimi nikaona aibu, na tangu siku ile nilijikaza nikajifunza Kiganda.

Sasa fikiria mama kama huyo, kisha mwanamke mrefu wa kaskazini aliyevaa koti anapuliza filimbi na kufoka, "Toka kwa reli. Toka, toka." Wazee wa soko hawakutoka. Walisimama palepale, wengine wakainua mikono. Niliona kwa macho yangu bibi muuza ndizi ameinua mikono juu katikati ya reli, treni inapiga honi. Mama Bendera alimrukia akamburuta, na treni ilipopita wote wawili walikuwa wanalia, kila mmoja amegeukia upande wake. Kuanzia siku hiyo ndipo nilipoanza kumpenda yule mwanamke, na kuogopa zaidi.

Alikuwa na vituko vyake. Askari mwenye cheo akilazimisha gari lake livuke wakati bendera nyekundu iko juu, Mama Bendera aligonga boneti kwa mpini wa bendera na kumwuliza kama mama yake anajua alipo. Lakini chura akiingia kibandani mwangu, alipanda juu ya benchi na kuomba mtu aje. Simu aliichukia. Wenye treni walimpa moja ya kumjulisha treni imeondoka stesheni, naye aliifunga kwenye kitambaa akaiweka ndani ya ndoo, maana mlio wake ulimshtua. Ikilia, ndoo ilitetemeka, naye alinitazama nimpokelee. Alikuwa Mkatoliki wa kupanda kilima cha Lubaga kila Jumapili kwa miguu, ila alikaa kiti cha nyuma kabisa, mlangoni, kwa sababu kengele za madhabahuni zilimjia ghafla.

Ajabu ni kwamba Katwe yote ni kelele. Kuanzia asubuhi mafundi wanagonga mabati, wanakata vyuma, wanachomelea. Kelele hizo hazikumsumbua. Aliweza kusinzia katikati yake. Kilichomshinda ni kishindo kimoja, kinachokuja peke yake. Siku moja tairi la lori lilipasuka barabarani, nikamwona Mama Bendera amelala kifudifudi kwenye tope, bendera chini yake, mikono kisogoni. Vijana wa boda boda walicheka mpaka wakashika matumbo. Aliinuka polepole, akajipangusa.

"Cheka," aliwaambia. "Kwa mwoga kunaenda kicheko. Kwa yule hodari kunaenda kilio. Mimi nilizika hodari wangu."

Hawakucheka tena siku ile. Mimi nilimletea maji anawe uso, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba si yeye aliyelala, ni mwili. Wakati wa vita, alisema, mwili ulijifunza kulala kabla yeye hajaamua, na sasa vita vimekwisha lakini hakuna aliyeuambia mwili.

Basi hapo ndipo kampuni zilipotuletea fataki.

Fataki za reli ni vibati vidogo vya duara vyenye baruti. Kunapokuwa na hatari mbele, unakifunga kibati juu ya reli. Gurudumu likikikanyaga kinalipuka, dereva anasikia, anashika breki, anatafuta bendera nyekundu kwa macho. Akiiona anasimama. Asipoiona anaweza kudhani ni kibati kilichosahaulika akaendelea. Fataki humwamsha dereva, bendera ndiyo humsimamisha. Ni utaratibu wa zamani na ni mzuri, kama watu walio kando ya reli ni watu wa kawaida.

Afisa usalama wa wenye reli alikuja kutufundisha. Alikuwa kijana mpole, nadhani alikuwa bado mtoto wakati wa vita. Alitukusanya sokoni na kipaza sauti, akaeleza vizuri kwa Kiganda kwamba ukisikia mlipuko, ujue treni inakuja na kuna hatari, uondoke relini haraka. Tukaitikia. Kisha akaamuru kitoroli chao cha kupita relini kikanyage fataki moja ili tuusikie mlio.

Ililipuka. Na kila mtu wa makamo na zaidi katika soko lile alilala chini. Walilala walipokuwa: kwenye nyanya, kwenye tope, na wengi juu ya reli, maana ndipo walipokuwa wamesimama kumsikiliza kijana. Mama mkwe wangu alilala katikati ya mataruma, shavu kwenye kokoto. Mama Bendera alikuwa amelala kando yake. Waliobaki wamesimama ni vijana, mimi Mkenya, na afisa na kipaza sauti chake. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, lakini sikuwahi kuona soko zima limeumwa.

Vijana wengine walianza kucheka, kicheko kikafa. Niliogopa mno. Niliona wazi kwamba siku fataki zitakapohitajika kweli, ndizo zitakazowalaza wazee wetu mbele ya magurudumu.

Mama Bendera alimwambia afisa vivyo hivyo. Kijana alisikitika kwa dhati, akasema atapeleka habari juu. Jibu lililorudi ni kwamba fataki ni sharti la mkataba, wenye treni hawatapitisha treni kwenye njia isiyo na fataki. Mlinzi asiyetaka kuzitumia apishe wengine. Mama Bendera alikuwa na mabinti wa kusomesha. Alikaa kibandani kwangu siku nzima hakugusa chai.

Kesho yake alikuja na debe bovu aliloomba kwa mafundi, na rungu. Alizunguka kwa wazee mmoja mmoja, na alikuja na mimi nimtafsirie, maana alijua sauti yake inawafanyia nini. Aliwaeleza kwamba atapiga debe bila taarifa, saa yoyote ya mchana, na atakayesikia ainuke atembee kwenda upande wa kibanda cha chai. Akaniomba nimfundishe maneno hayo kwa Kiganda, akayarudia hata watoto wakayazoea: "Musituke, mutambule." Inukeni, mtembee. Aliyasema kwa lafudhi ya ajabu, lakini hayakuwa maneno ya kizuizini, na hilo ndilo alilotaka.

Mwanzoni lilikuwa jambo la kutia huruma. Debe likilia wanalala. Yeye mwenyewe aliyelipiga analala. Anaamka na tope usoni, anasema musituke, mutambule, anamshika mmoja mkono, wanatembea. Wateja wa mkaa walidhani ni dhehebu jipya. Lakini siku zilivyokwenda wazee wakaanza kuinuka wenyewe. Kisha wakawa wanapiga magoti tu. Kisha yule bibi wa ndizi akawa anatembea bila hata kuinama, na mama mkwe wangu akafuata, akinung'unika kwamba chai yangu haina sukari ya kutosha kwa safari zote hizo. Nilifurahi nikawapa maandazi ya bure.

Aliyeshindwa alikuwa mwalimu. Kila debe lilipolia, Mama Bendera alilala. Alijaribu kuziba masikio, alijaribu kuimba, alijaribu kushika rozari. Wazee waliokuwa wakimwogopa sasa walikuwa wakimwinua wao. Mama mkwe wangu ndiye aliyempangusa uso kwa ncha ya gomesi yake, lile vazi refu la Kiganda, kisha akarudi kwenye mkaa. Sikuwahi kudhani ningeishi kuyaona hayo.

"Nafundisha watu kitu mimi sina," Mama Bendera aliniambia. "Siku ile ikikuja, nani atashika bendera?"

Siku ile ilikuja msimu wa mvua. Maji yalikuwa yameteremka kutoka vilimani yakabeba kokoto, na wenye reli walikuwa wameng'oa mataruma mbele kidogo ya kivuko, reli ikabaki inaning'inia. Walidhani wenye treni wamearifiwa. Wenye treni wakadhani kazi itaanza baada ya treni ya asubuhi. Nyapara wa mafundi wa njia alikuja mbio na simu sikioni, akisema treni imeshaondoka stesheni na huko ofisini wanamwambia ujumbe utafikishwa.

Mama Bendera hakuuliza ufikishwe na nani. Alipuliza filimbi, akamwambia nyapara awahamishe watu, akachukua kopo la fataki akakimbia na reli kuelekea stesheni, akipita katikati ya soko. Nilimwona anainama, anafunga vibati juu ya reli. Akarudi mbio hadi kwenye nguzo ya kivuko, kipande cha reli kuukuu kilichosimikwa wima. Akavua leso, ile kanga aliyojifunga kiunoni chini ya koti, akanitupia.

"Funga mimi," alisema.

Sikuelewa. Akageuka akaegemeza mgongo kwenye ile nguzo, akainua mikono.

"Funga mimi hapa kwa chuma. Funga kabisa, nisilale."

Nilimfunga. Nilipitisha leso chini ya makwapa, nikaizungusha nguzo, nikakaza fundo la gunia la mkaa kama mama mkwe alivyonifundisha. Nilikuwa naomba kwa lugha zote ninazozijua. Moyo wake niliusikia kupitia koti, ulikuwa unapiga vibaya. Nguzo ilikuwa hatua moja tu kutoka reli, na nilijua kwamba kama treni haitasimama, ikiacha njia itakuja upande huu, na nimemfunga mwenyewe. Nilimwambia hivyo. Alisema anajua, niende.

Watu walikuwa wameanza kuondoka, lakini mnajua watu wa soko, mtu huokoa bidhaa kwanza. Mama mkwe alikuwa amevuka salama, kisha akarudi kuchukua gunia. Alikuwa juu ya reli ameinama, gunia mikononi, fataki ya kwanza ilipolipuka.

Nilipiga yowe. Nilimwona mama mkwe anaanza kulala relini. Nilimwona Mama Bendera mwili mzima unateremka, leso ikamkata kifuani, kichwa kikaning'inia. Fataki ya pili ikalia. Na kutoka kwenye ile nguzo, macho yamefumbwa, bendera nyekundu imeinuliwa kwa mikono miwili inayotetemeka mpaka kitambaa kinacheza, ikatoka sauti iliyopasuka: "Maama, musituke. Mutambule. Mutambule."

Mama mkwe aliliacha gunia. Alisimama wima, akatembea. Hakukimbia, alitembea kama alivyofundishwa, akaja hadi kibandani akakaa kwenye benchi. Treni ilikuja ikilia kwa vyuma, ikalikanyaga gunia, ikasimama kichwa chake kikiwa kimeshampita Mama Bendera kidogo, kabla haijafika kwenye mataruma yaliyong'olewa. Dereva alishuka akakaa chini kwenye majani. Mimi fundo lilinishinda kufungua. Mume wangu alikuja na kisu, Mama Bendera akakataa leso yake ikatwe, tukalifungua kwa meno.

Baadaye kampuni zote mbili zilikaa kikao. Wakapeana pole, wakakubaliana kwamba mawasiliano yaboreshwe. Mama Bendera alionywa kwamba kujifunga kwenye nguzo ya reli ni kinyume cha kanuni za usalama. Alilipokea onyo kwa adabu. Mkataba uliofuata ulipoanza, koti jipya halikuja, wala mtu mwingine hakuletwa. Kilikuja kibao cha kusema simama, tazama, sikiliza.

Nilimwona tena mwaka jana, Kasubi, kwa binti yake aliyeolewa huko. Nilikuwa nimeletewa habari kwamba haondoki tena nyumbani. Nilimkuta kwenye kiti sebuleni, amepungua, leso ile ile kiunoni, rangi imekwisha. Nilimletea maandazi. Akauliza habari za mama mkwe, nikamwambia bado anauza mkaa palepale, macho yamepungua lakini ulimi haujapungua. Akacheka. Nikamwambia pia kwamba kampuni nyingine imekuja, imepigilia vigingi vyenye rangi kando ya reli, inasemekana njia itajengwa upya na treni zitakuwa nyingi na za kasi zaidi.

Nje, kwenye barabara ya Hoima, tairi likapasuka.

Aliteremka kutoka kwenye kiti. Hakuweza tena kuanguka kwa haraka. Goti moja, goti jingine, mkono, kisha shavu likafika kwenye mkeka. Nilikimbilia kumwinua. Alitikisa kichwa, akapigapiga mkeka kando yake. Nilikuwa nimevaa nguo yangu ya kanisani. Nililala. Tukawa tumetazamana, pua karibu ziguse.

"Na pale kwa reli," aliniuliza, "sasa nani anashika bendera?"

Asubuhi ile ile nilikuwa nimemvusha mama mkwe kwa mkono, kibao kinatutazama, treni inapiga honi nyuma ya kona. Nilimwambia ukweli, kwamba hakuna mtu.

Kisha mkono wake ukashuka kiunoni, ukahangaika kidogo na fundo, ukaivuta leso ikatoka. Akaisukuma juu ya mkeka mpaka ikanigusa kifua.

"Chukua," alisema. "Ile chuma bado iko pale."

Niliichukua. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, naye aliitazama, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ni sawa.